Ray hakuwa chali: Stori ya mama wa zile sofa unazotamani, sifa zikaenda kwa bwanake

Hebu tuambiane ukweli. Kwa simu yako kuna picha ya sofa. Ni ya ngozi, rangi ya kahawia kama chai iliyokolea majani, imekunja kona ya ukuta kama herufi L, imekaa chini-chini na miguu yake ni myembamba, ya mbao, mpaka unaona sakafu yote kule chini. Haina maua, haina dhahabu, haina mikono minene ya kulalia paka. Muuzaji ameandika tu mid-century, akaweka bei, na wewe ukafunga hiyo picha haraka kama mtu amekutana na buda ya dem wake kwa lifti.

Sasa ongeza kile kiti cheupe cha plastiki kilichopinda kama bakuli, chenye miguu ya mbao iliyoshikanishwa na vyuma. Umekikalia. Kiko kwa kinyozi yako, kiko kwa ule mkahawa unaendaga ukiwa na ganji, na kiko kwa ofisi ya kila msee ameanzisha kampuni juzi.

Huo mtindo wote ulipikwa sana miaka ya 40 na 50, na moja ya jikoni kubwa ilikuwa California, Marekani, kwa karakana ya watu wawili: Charles na Ray Eames. Hawakuchora kila sofa ya L unayoona sokoni, usidanganywe na wauzaji. Lakini ile fomu ya kitu chepesi, safi, kinachoonyesha venye kimeundwa badala ya kujificha, hao ni kati ya wale walifanya dunia nzima iipende.

Na hapa ndio kuna mambo. Watu wengi wakisikia Charles na Ray Eames hudhani ni mabro wawili. Ray alikuwa mwanamke. Alikuwa mke wa Charles, alikuwa nusu ya hiyo kazi yote, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa likiachwa nje kama kiatu cha mgeni.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1912 huko Sacramento, California, akaitwa Bernice Alexandra Kaiser. Nyumbani walimuita Ray-Ray, na hilo jina likakwama. Buda yake alikuwa akisimamia ukumbi wa burudani, zile shoo za zamani za nyimbo, vichekesho na mazingaombwe kwa tiketi moja, kabla ya kuhamia kazi ya kuuza bima. Kwa hivyo mtoi alikua akiona jukwaa, mapazia, rangi na taa. Buda alikufa 1929. Mathe akabaki na Ray, na wawili hao wakashikana sana.

Mapema miaka ya 30 walihama mpaka upande wa New York, na Ray akaingia kwa uchoraji kabisa. Mwalimu wake alikuwa Hans Hofmann, Mjerumani aliyekuwa na shule yake ya sanaa jijini na ambaye wanafunzi wake wengi walikuja kuwa majina makubwa. Hofmann aliwafunza kitu kimoja ambacho Ray hakuwahi kuachilia: rangi na maumbo yanasukumana na kuvutana, na nafasi tupu kati ya vitu viwili ina uzito sawa na vitu vyenyewe. Kumbuka hiyo. Tutairudia tukifika kwa sofa.

Mwaka wa 1936 Ray alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha American Abstract Artists. Enzi hiyo majumba makubwa ya sanaa Marekani hayakuwa na hamu na mchoro wa Mmarekani ambao hauna mtu, hauna ng'ombe, hauna nyumba. Wasee wakaamua kama hamtatuonyesha tutajionyesha wenyewe, na 1937 wakafanya maonyesho yao. Ray alikuwa na miaka 24. Nataka uelewe hapa: huyu hakuwa mtu wa kuokotwa na mume mashuhuri. Alikuwa msanii wa New York na mbogi yake kabla hajamjua Charles hata kwa jina.

Mathe akagonjeka. Ray akaacha kila kitu akaenda kumtunza, na 1940 mathe akafariki. Hapo Ray akabaki mwenyewe kabisa, miaka 27, bila mzazi. Rafiki akamshauri aende Cranbrook, chuo cha sanaa huko Michigan, ajifunze kazi za mikono: kusuka, kufinyanga, vyuma, mbao. Akaenda Septemba.

Pale Cranbrook mkuu wa idara ya kuchora bidhaa alikuwa jamaa wa miaka 33 anaitwa Charles Eames, msanifu wa majengo kutoka St. Louis. Mrefu, sura ya sinema, mdomo mtamu. Pia alikuwa na mke na msichana mdogo, Lucia. Charles na rafiki yake Eero Saarinen walikuwa wanajiandaa kwa shindano la jumba la sanaa la MoMA, New York, la kutafuta fanicha za kisasa za nyumbani. Walihitaji mikono ya kusaidia na michoro, Ray akaingia. Charles na Eero walishinda. Na wakati huo wote wa kuchora usiku, Charles na Ray walikuwa wameshapendana.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa safi. Kulikuwa na mama mwingine na mtoto kwa hiyo stori. Charles aliachana na mkewe 1941, akamwandikia Ray barua ya kuomba amwoe, ndani yake akachora kapete na kuuliza saizi ya kidole. Juni mwaka huo wakafunga ndoa Chicago, wakaingia kwa gari, wakaendesha hadi Los Angeles. Hawakuwa na doh, na hakukuwa na watu wa kuwapokea na matarumbeta.

Walikuwa na shida moja tu kichwani: plaiwudi.

Ngoja nikueleze kwa sababu bila hii hutaelewa kitu. Chukua jalada gumu la daftari. Likunje upande mmoja kama unaviringisha chapati, halina tatizo. Sasa jaribu kulipinda pande zote mbili kwa pamoja, liwe kama bakuli. Linakataa, linajikunja makunyanzi, linapasuka. Plaiwudi ni hivyo hivyo. Viti vilivyoshinda shindano vilikuwa vinapendeza kwa karatasi, lakini mbao ilipasuka kwa kona, ikabidi wafunike kila kitu na kitambaa, na bei ikapanda mbinguni. Charles na Ray walitaka kiti kinachokumbatia mgongo, kinachotengenezwa kwa wingi, na mtu wa kawaida anaweza kukinunua.

Wakapanga nyumba huko Westwood, kwa jengo lililochorwa na Richard Neutra, msanifu mkubwa. Kwa hiyo keja ya kupanga, chumba cha ziada, wakajenga mashine ya kukunja mbao. Waliipa jina Kazam!, kama neno la mchawi akitoa sungura kwa kofia. Ilikuwa na umbo la plasta, nyaya za umeme za kupasha moto, na mfuko wa mpira uliojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli ili ukandamize tabaka za mbao na gundi mpaka zishike. Masaa na masaa ya kupampu. Mchana Charles alikuwa na job kwa idara ya sanaa ya kampuni ya filamu ya MGM, na jioni alirudi na mbao na gundi. Inasimuliwa kwamba stima ya nyumba haikutosha hiyo mashine, kwa hivyo Charles akapanda mlingoti wa stima nje akajiunganishia. Ndio, umesoma vizuri. Samani ya kisasa ya Marekani ilianza na sambaza.

1942 vita ikawapa mlango. Daktari mmoja rafiki yao aliwaambia kwamba wanajeshi wakivunjika miguu wanafungwa vyuma, na vyuma vinatikisika njiani vikiongeza maumivu. Wawili hao wakasema mbao. Wakachukua umbo la mguu wa Charles mwenyewe na kutoa gango la plaiwudi, jepesi, lililopinda kufuata paja na kigimbi, na matundu ya kupitisha bandeji. Matundu hayo yalikuwa na kazi ya pili: yaliachia mbao ipumue pale inapopinda isipasuke. Jeshi la majini likaagiza. Mpaka vita inaisha magango kama 150,000 yalikuwa yametengenezwa.

Ukiliona hilo gango leo unaweza kudhani ni sanamu. Na si ajabu, kwa sababu wakati huo huo Ray alikuwa anatumia mbao hiyo hiyo, kwa mbinu hiyo hiyo, kutengeneza sanamu. Yule mchoraji wa New York hakuwa ameacha sanaa. Alikuwa ameibeba akaiingiza kwa miguu ya wanajeshi. Pia aliendelea kuchora majalada ya jarida la Arts & Architecture, zaidi ya 20 miaka hiyo ya 40.

Vita ikaisha, magango yakageuka viti. Walikuwa wameshahamia karakana yao, gereji kuukuu nambari 901 huko Venice, Los Angeles, wakafanya kazi hapo maisha yao yote. 1946 MoMA ikawafanyia maonyesho ya samani zao mpya.

Ama niseme, ikamfanyia Charles. Maonyesho yaliitwa kwa jina lake peke yake. Si Ray tu aliyeachwa, hata wenzao wengine kwa karakana walioumiza vidole na hizo mbao hawakuonekana, na wengine walikasirika wakaondoka. Mmoja wao alikuwa Harry Bertoia, ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa kivyake kwa viti vya waya. Ray hakuondoka wala hakupiga kelele. Angeenda wapi? Ile ilikuwa ndoa na kazi na nyumba, zote kwa fundo moja. Na Charles mwenyewe, kusema haki, hakuwa anamficha. Alizoea kuwaambia watu kwamba chochote anachoweza yeye, Ray anakiweza zaidi. Shida ni kwamba dunia ilisikia hiyo sentensi kama utani wa mume mpole.

Sasa tufike kwa sofa.

1949 walimaliza nyumba yao Pacific Palisades, juu ya mwinuko unaoangalia bahari, kati ya mikaratusi, hiyo miti unaijua. Ilikuwa nyumba ya nane kwa mpango wa lile jarida wa kujenga nyumba za kisasa za mfano. Vyuma na vioo vya kuagiza kiwandani, rangi nyekundu, buluu na nyeusi kwa paneli kama mchoro wa Hofmann umesimama wima. Waliingia mkesha wa Krismasi. Sebule ina dari ya juu sana, urefu wa ghorofa mbili, na mahali kama hapo mtu hujisikia mdogo. Kwa hivyo mwisho wa sebule waliacha kikona chenye dari ya chini, wakajenga sofa zikishika kuta, upande huu na ule. Unaingia pale, unakunja miguu, dunia inakuwa saizi yako. Hiyo ndio siri ya sofa ya kona hata leo: haikupi tu kiti, inakupa chumba ndani ya chumba. Ukiwa kwa bedsitter unaelewa kuliko tajiri yeyote.

Kutoka kwa hicho kikona walitoa Sofa Compact ya 1954. Mgongo mrefu, kina kidogo, fremu ya chuma, na mgongo unakunjika chini ili isafirishwe bila kubeba hewa. Ukiiangalia utakumbuka lile somo la nafasi tupu: sofa haijagusa sakafu, mwanga unapita chini yake, na chumba kinaonekana kikubwa. Ukienda kwa fundi wa Ngong Road au Gikomba ukamwambia akuinulie sofa kwa miguu myembamba, unaomba kitu ambacho mchoraji mmoja alifunzwa miaka ya 30. Fundi atakuambia miguu mifupi na minene ni imara zaidi. Hajakosea, lakini keja yako itabaki imejaa.

1956 ikaja ile ya ngozi. Kiti cha kulala nyuma na stuli yake ya miguu, maganda ya plaiwudi yenye uso wa mbao ya thamani, mito ya ngozi nyeusi yenye vifungo. Charles alitaka ngozi yake ionekane kama glavu ya mchezaji wa besiboli iliyotumika miaka mingi, ile imelainika na kukaribisha mkono. Si ngozi ngumu ya ofisi ya DC, ngozi iliyokunjamana bila aibu. Kabla yao watu wengi wangekuambia kiti cha starehe lazima kiwe kizito kama kifaru. Tangu wakati huo kila mtu anayekuuzia sofa ya ngozi ya kisasa anajaribu kukuuzia hiyo hisia.

Kilizinduliwa kwa TV, kipindi cha asubuhi cha NBC, mtangazaji Arlene Francis. Hiyo klipu ipo na inauma kuitazama. Charles anaitwa kwanza, anapokewa kama bingwa. Kisha Ray anaitwa, na anachoulizwa ni venye anamsaidia bwanake. Kumsaidia! Ray amevaa ile luku yake ya kila siku, gauni kama la aproni lenye kiuno, utepe kwa nywele, anatabasamu, anajaribu kujibu, hapewi nafasi ya maana. Halafu Charles anabaki kueleza kiti. Ukiangalia mikono ya Ray utaona mtu ambaye hajui aiweke wapi, na huyu ni mtu ambaye kwa karakana hiyo mikono haikutulia.

Na kazi yake ilikuwa gani hasa? Waliofanya kazi 901 walikuwa na picha inayofanana: Charles alipenda kujua kitu kinasimama vipi, Ray aliona kinapaswa kuwa nini. Rangi, uwiano, unene wa ukingo, kifungo kiwe wapi. Alikuwa na jicho ambalo lingeona kitu kimesogea kidogo kwa meza yenye vitu mia. Maisha yao ya nyumbani yalikuwa hivyo pia. Kevin Roche, msanifu wa majengo, alisimulia venye alialikwa kwao kwa dinner, chakula kikaisha, akangoja kitu tamu, na mbele yao yakawekwa mabakuli ya maua. Ilikuwa kitamu cha macho. Roche akatoka hapo, akaingia kwa gari, akaenda kujinunulia aiskrimu.

Cheka, lakini jicho hilo hilo lilifanya kazi kubwa 1959. Serikali ya Marekani iliwatuma Moscow, katikati ya Vita Baridi, waonyeshe Warusi maisha ya Wamarekani. Wakatengeneza filamu ya skrini saba kubwa kwa pamoja, picha zaidi ya 2,000 kwa dakika kama 12. Waliumiza kichwa namna ya kumaliza. Ray ndiye aliyesema wamalize na maua, yale madogo ya buluu ambayo kwa Kiingereza jina lake linamaanisha usinisahau. Na kwa Kirusi pia jina la hayo maua linabeba maana hiyo hiyo. Fikiria huyo mama, aliyekuwa akisahaulika kila wiki, ndiye alichagua hilo ua.

Miaka iliyofuata nitaipita mbio. Viti vya ngozi nyeusi vya uwanja wa ndege vilivyofungwa kwa mstari, 1962, mtindo ambao umeusinzilia kwenye viwanja vingi ukisubiri ndege iliyochelewa. Filamu ya Powers of Ten, 1977, ile inaanza na wapenzi kwa pikiniki halafu kamera inapaa mpaka mwisho wa ulimwengu na kurudi ndani ya mkono. Na 1968, kitanda chembamba cha ngozi cha rafiki yao Billy Wilder, mwelekezi wa filamu za Hollywood. Wilder alitaka mahali pa kusinzia kidogo ofisini, si kulala. Wakampa chenye upana wa kama sentimita 45 tu. Ukilala juu yake unakunja mikono kifuani, usingizi ukikolea mikono inaanguka pembeni, unaamka. Alamu ya ngozi.

Ndoa haikubaki tamu hadi mwisho. Miaka ya 70 Charles alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine, na Ray alijua. Alibaki, akaendelea kuja kazini, akaendelea kurekebisha. Wapo wanaosema alikuwa na moyo wa chuma, wapo wanaosema hakuwa na pa kwenda. Mimi naona alikuwa na kitu kingine: hiyo kazi ilikuwa yake pia, na mtu hahami kwa nyumba aliyoijenga.

Tarehe 21 Agosti 1978 Charles alikufa ghafla kwa mshtuko wa moyo huko St. Louis, mji aliozaliwa. Alikuwa na miaka 71. Watu wakaanza kuongea kama karakana imefungwa. Jina limekufa, si ndio?

Ray alikuwa na miaka 65 na hakufunga. Kulikuwa na sofa moja waliyoianza pamoja na haikuwa imemalizika: ya ngozi, mito minene iliyoshonwa vizuri, mgongo wa mbao, chini yake vyuma vinavyong'aa. Aliisimamia mpaka ikatoka 1984 chini ya Herman Miller, kampuni iliyouza samani zao tangu mwanzo. Ndiyo ilikuwa samani ya mwisho ya hiyo nyumba ya Eames, na aliyekuwa hai kuikagua alikuwa Ray peke yake. Mwaka mmoja baada ya mazishi, 1979, wasanifu wa Uingereza walitoa nishani yao ya dhahabu ya kifalme kwa ofisi ya Charles na Ray. Majina mawili.

Halafu akafanya kitu ambacho naona ni cha akili kuliko viti vyote. Badala ya kukaa kujieleza kwa magazeti, alipanga makaratasi. Miaka kumi. Picha mamia ya maelfu, michoro, barua, filamu, vipande vya karatasi alivyoandika mambo madogo-madogo, kila kitu kikapangwa, kikapewa tarehe na mahali pake, na makusanyo makubwa yakaenda Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Mtu akitaka kujua nani alichora nini, aende afungue sanduku. Watafiti walienda. Ndani walikuta mwandiko wa Ray kila mahali, kwa rangi, kwa vipimo, kwa viti ambavyo vitabu viliandika ni vya Charles.

Alifariki kwa saratani Los Angeles mwaka wa 1988, akiwa na miaka 75. Angalia tarehe: 21 Agosti. Miaka kumi kamili, siku ile ile aliyokufa Charles. Wamezikwa pamoja St. Louis.

Moto mkubwa ulipokula Pacific Palisades Januari 2025, nyumba yao ilipata moshi na majivu lakini ilibaki imesimama, na kile kikona cha sofa ndani yake. Mwaka wa 2008 posta ya Marekani ilikuwa imetoa stempu 16 za kazi zao, viti, nyumba, filamu na moja ya majalada aliyochora Ray, na kwa hiyo karatasi ya stempu imeandikwa Charles na Ray Eames, mmoja kando ya mwingine.